Tereza Anahesabu Baridi

Kila asubuhi, kabla ya kubandika uji, Tereza alikwenda kwanza kuikagua miti yake. Ilikuwa kumi, nyuma ya nyumba, hapo Buhongwa. Ni mitufaha, ile inayozaa matunda ambayo watu wa mjini huyaita maepo. Aliipanda kwa mikono yake miaka mitatu iliyopita. Miti ilikuwa hai, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ilikuwa hai kwa namna ya ajabu. Matawi yalirefuka yakiwa matupu, kisha kwenye ncha yakatoa kishungi kidogo cha majani. Maua hayakuonekana. Matunda ndiyo usiseme.

Tereza si mtu wa Mwanza. Alizaliwa Makete, kule milimani kusini, ambako mwezi wa saba watu huota moto jikoni mpaka jua lipande. Aliolewa na Revocatus, Msukuma wa Buhongwa, akaja kuishi kwao, wakazaa binti, Queen. Mama mkwe wake, Ng'washi, alimpa kipande cha shamba. Hapo zamani palikuwa na viazi vitamu, vile ambavyo Ng'washi huvikata na kuvianika juani kupata michembe. Kumpa mkwe shamba la michembe si jambo dogo katika nyumba ile.

"Lima unachotaka," Ng'washi alimwambia siku hiyo. "Ila ardhi haipendi kuchezewa."

Tereza aling'oa viazi. Kaka yake Yakobo, aliye Makete, akamtumia miche kumi kwa basi mpaka stendi ya Nyegezi. Yakobo naye alipanda miche mingine ya aina hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo. Ya Yakobo ilikuwa imeshazaa. Ya Tereza hata ua moja haijatoa. Na Ng'washi alikuwa amesema neno lake: mvua za vuli zikianza kabla miti haijachanua, shamba linarudi kwenye viazi.

Tereza alichanganyikiwa. Mti wa aina moja, wakulima ndugu wa tumbo moja, palizi ileile. Kosa liko wapi?

Aliuliza watu. Muuza pembejeo alimwambia aongeze mbolea. Jirani yake Kashindye alimwambia apunguze maji. Mwingine akasema aongeze maji. Mwingine alimnong'oneza kwamba kuna jicho la mtu. Tereza alifuata ushauri wote, isipokuwa huo wa mwisho, maana hakujua aanze na nani. Wapishi wengi huharibu mchuzi, na mchuzi wa Tereza ulikuwa umeshatiwa kila kitu.

Ndipo Revocatus akaja na wazo lake. Kazi yake ilikuwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kuwapanga na barafu kwenye makreti. Siku moja mwezi wa sita alirudi nyumbani na magunia mawili kwenye pikipiki, maji yakichuruzika.

"Nimeona kwenye simu," alisema. "Matufaha yanataka baridi. Sasa, baridi mimi ninayo."

Wakaimwaga barafu kwenye mashina. Kesho yake wakaimwaga tena. Siku ya nne, barafu ile ikiwa na harufu ya sangara, paka wa mtaa mzima walikuwa wamelala chini ya mitufaha. Kunguru nao wakaja. Yakaja na yale makorongo makubwa yenye vipara, yakasimama shambani yakingoja.

Ng'washi alitoka na fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Queen," alimwambia Tereza, "unalima matunda au unalima samaki?"

Tereza hakujua acheke au alie. Akalia kidogo.

Ng'washi akamwacha anyamaze. Kisha akasema, "Kuuliza si ujinga. Lakini wewe umemuuliza kila mtu, ukamwacha mwenye kazi yake. Bibi shamba wa kata yupo."

Bibi shamba huyo, yaani mtaalamu wa kilimo, aliitwa Gladness. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye buti zilizokauka matope. Alimsalimia Ng'washi kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Miti ni hiyo."

Gladness alizunguka mti baada ya mti. Akainama, akanusa.

"Nani kaweka barafu hapa?"

"Baba Queen," Tereza alijibu, macho chini.

Gladness alijitahidi asicheke. "Hakukosea sana. Ni kweli mtufaha unataka baridi. Ila mizizi siyo inayoisubiri baridi hiyo. Inasubiriwa na macho haya." Akashika tawi, akaonyesha vidutu vidogo vilivyofumba. "Humu ndimo maua yanamotoka. Macho haya ndiyo yanayohesabu."

"Yanahesabu nini?"

"Masaa ya baridi. Asili ya mti huu ni nchi ambazo baridi inakaa miezi. Maji yanaganda mpaka nje shambani. Mti ukichanua wakati huo, maua yote yanakufa. Kwa hiyo mti unapukutisha majani na kulala. Kila saa ya baridi inayopita, jicho linaihesabu. Hesabu ikitimia na joto likirudi, mti unaamka, unachanua."

"Na isipotimia?"

"Unakuwa hivi unavyouona. Haujalala vizuri wala haujaamka vizuri. Umechanganyikiwa."

"Basi tuko wawili," Tereza alisema.

Ng'washi hakuridhika. "Mbona hapa baridi ipo? Mimi mwezi huu nalala na sweta."

"Baridi ya sweta na baridi ya tufaha ni mbili, mama. Tukiacha kupima, kila mtu atasema lake. Njia rahisi ni hii: tunahesabu kila saa ambayo joto liko kati ya nyuzi sifuri na nyuzi saba. Ikipita saa moja ya namna hiyo, tunaandika moja. Kuna aina za matufaha zinazotaka masaa elfu moja kwa msimu. Kuna zinazotosheka na mia mbili, mia tatu. Ya kwenu ni aina gani?"

Tereza hakujua. Alimpigia simu Yakobo palepale. Yakobo akasema ni aina ya masaa machache, kama mia tatu.

Kesho yake Gladness alileta kipimajoto. Alikitundika kivulini, kimo cha mtu, mbali na ukuta. Kilikuwa na kipini chekundu kidogo kinachoshuka pamoja na joto, kisha kinabaki pale pa chini kabisa hata joto likipanda.

"Huna haja ya kukesha," alimwambia Tereza. "Amka asubuhi, soma kipini, andika, kirudishe mahali pake. Kama hakikushuka mpaka saba, usiku huo masaa ni sifuri. Fanya hivyo siku arobaini. Hizi ndizo siku zetu za baridi."

Yakobo naye akakubali kusaidia. Ushirika wao wa Makete ulikuwa na kipimo cha betri kinachoandika joto kila saa. Kila asubuhi angesoma na kumpigia dada yake.

Asubuhi ya kwanza kipini cha Buhongwa kilisimama kwenye kumi na saba. Ya pili, kumi na sita. Ya tatu, kumi na saba tena. Yakobo alipiga simu kutoka Makete, meno yakigongana. Kwake masaa yalikuwa saba, kisha matano, kisha manane.

"Hiki kipimo ni kibovu," Tereza alisema.

"Hebu tukijaribu," alisema Revocatus. Akaleta barafu kwenye ndoo, akachovya kipimajoto. Kipini kikashuka mpaka karibu na sifuri. Tereza, Revocatus na Ng'washi wote walikiona. Revocatus alifurahi kwamba barafu yake hatimaye imepata kazi, lakini alipomtazama mkewe, furaha ikamtoka. Kipimo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni baridi.

Tereza aliendelea kuandika. Siku ya ishirini na tatu upepo wa ziwani ulivuma kutwa, Ng'washi akavaa sweta mbili. Tereza akajipa moyo. Asubuhi kipini kilikuwa kwenye kumi na tano.

Siku arobaini zilipotimia, Gladness alirudi. Wakakaa barazani. Tereza akafungua daftari, akasoma.

"Makete, masaa mia mbili sitini na nane, na msimu bado haujaisha. Buhongwa..." Akafunua ukurasa. "Buhongwa, sifuri."

"Sifuri ngapi?" Ng'washi aliuliza.

"Arobaini, mama."

Kisha Ng'washi akasema, "Basi mti hauna kosa. Wala wewe huna kosa. Ila na shamba nalo halina kosa."

Maneno yale yalimchoma Tereza, maana yalikuwa kweli. Alimgeukia Gladness. "Nifanye nini?"

"Kuna njia moja ya kujaribu," Gladness alisema. "Wakulima wengine wa nchi za joto huchuma majani yote kwa mkono, kabla mti haujazama usingizini. Mti huchipua upya, na mara nyingine huchanua bila kungoja baridi. Njia hiyo inawezekana kwa aina za masaa machache kama hii yako. Lakini siahidi kitu. Jaribu miti miwili. Minane iliyobaki inakula ardhi bure. Hapa kwenu papai linapenda joto hili. Panda mipapai, na katikati yake viazi."

Tereza aling'oa miti minane mwenyewe. Hakutaka msaada. Kila mti alioutoa alihisi kama anamsindikiza mtu wa kwao stendi. Miwili akaichuma majani, jani baada ya jani, mpaka vidole vikawa vyeusi.

Mvua za vuli zilianza, na ile miwili ilikuwa bado haijachanua. Asubuhi ile Ng'washi alikuja shambani na jembe begani, na kichwani mzigo wa marando, yaani vile vikonyo vya viazi vya kupandia. Tereza alijua siku yake imefika. Aliegemea mti, akangoja kuambiwa. Ng'washi hakusema kitu. Alipanda marando kati ya mashimo ya mipapai hadi mchana, kisha akaenda zake. Tereza akabaki na swali lake, shamba ni la nani?

Mwaka ukapita. Mipapai ikazaa mpaka ikategemezwa kwa miti. Michembe ikajaa paa la jiko. Katika ile mitufaha miwili, mmoja haukutoa kitu. Mwingine ulitoa maua machache, na matunda matatu, makubwa kidogo kuliko yai. Walikula wote kwa kukatiana. Ng'washi alisema ni machachu, akaomba kipande kingine.

Jumapili moja alikuja Evelina, mwanakwaya mwenzake Ng'washi. Alikuwa amebeba miche minne kwenye ndoo.

"Ni ya matunda ya damu, zile plamu," alimwambia Ng'washi kwa furaha. "Nimetumiwa kutoka Lushoto. Nataka nikate ile miembe yangu, niipande hii."

"Usikate kwanza," Ng'washi alisema. "Huko ilikotoka inalala masaa mangapi?"

Evelina akamtazama kama mtu aliyepotea njia. "Miti inalala?"

"Inalala, tena kwa hesabu."

"Hesabu gani hiyo? Mbona hili shamba lako limestawi? Wewe ulihesabu nini?"

Ng'washi alitikisa kichwa. Akamwonyesha Tereza, aliyekuwa ameinama kwenye tuta akichimba viazi.

"Usiniulize mimi," alisema. "Muulize mwenye shamba."

Tereza aliyasikia. Aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, mama," alimwambia Evelina. "Ngoja nilete kipimo."