Uwiano Sawa, Matumbawe Yenye Njaa

Kila asubuhi Nargis hunywa chai mbele ya tangi la samaki. Yeye na mumewe, Moez, wanakaa ghorofani Flemingdon Park, Toronto. Ndani ya tangi kuna maji ya chumvi, samaki wawili na matumbawe laini.

Nargis alikulia Tanga. Siku hizi moyo wake ni dhaifu, na daktari amemkataza safari ndefu za ndege. Ndiyo maana Moez alimnunulia tangi lile, angalau aione bahari ya kwao.

Lakini majira yale ya baridi matumbawe yalianza kupauka. Yalijikunja, yakawa hayafunguki.

"Moez, yanakufa haya," Nargis alisema.

"Haiwezekani! Nimepima maji. Nitrati ni miligramu moja kwa lita, fosfeti ni sifuri nukta sifuri moja. Uwiano ni mia kwa moja, kama nilivyosoma kwenye intaneti."

Walimwita jirani yao Lester, Mgoa wa Mombasa, aliyefuga matumbawe miaka mingi. Lester aliyapima maji upya.

"Hesabu yako ni sahihi, Bwana Moez," alisema. "Ila umeangalia uwiano tu. Bi Nargis, wali unapikaje?"

"Kikombe cha mchele, viwili vya maji."

"Na ukipika punje moja kwa matone mawili?"

Nargis alicheka. "Nani atashiba?"

"Basi! Uwiano ni uleule, chakula hakuna. Nitrati na fosfeti ndizo chakula chao. Zikizidi, mwani hutapakaa. Zikikaribia sifuri, matumbawe hufa njaa. Soma kwanza kila kipimo peke yake, uwiano baadaye. Tena fosfeti ikiwa ndogo hivi, ukikosea kupima kidogo tu, uwiano wote unakudanganya."

Moez alijikuna kichwa. "Na mimi nimejaza chembe za kunyonya fosfeti kwenye chujio!"

"Zipunguze polepole. Waongezee samaki chakula kidogo. Pima kila wiki. Usibadilishe ghafla."

Moez alifanya hivyo. Theluji ilipoyeyuka, nitrati ilikuwa tano, fosfeti sifuri nukta sifuri tano.

"Bado ni mia kwa moja!" alishangaa. Lakini sasa chakula kilikuwepo. Matumbawe yalikuwa yamefunguka yote, ya kahawia na ya waridi.

Nargis aliyatazama kwa muda. "Kule Tanga maji yakipwa, mama alikuwa akiinua gauni hivi, lisilowe," alisema, akainua lake.

Moez alivuta kiti karibu naye. "Ehe," alisema. "Halafu?"