Koti Lililongoja Neno

Kila alasiri, akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita aliingia kwa mlango wa nyuma wa duka la ushonaji la mama yake. Alitundika mkoba kwenye msumari, akachukua sumaku, akapita nayo chini ya meza zote kuokota pini zilizodondoka. Ilikuwa kazi ndogo, lakini aliifanya kwa makini, kwa sababu mama alikuwa akisema kwamba pini iliyosahauliwa haichagui mguu. Akimaliza, aliruhusiwa kutumia simu ya mama mpaka wakati wa kufanya kazi za shule.

Wenzake wakipata simu walitazama mpira au nyimbo. Yeye alijifunza Kijapani. Ilianza pale wahandisi kutoka Japani walipokuja kujenga daraja ng'ambo ya soko. Siku moja mhandisi mrefu kuliko wote alipita mbele ya duka, na msichana akamwambia, "Konnichiwa!" neno pekee alilolijua. Mhandisi alisimama, akavua kofia yake ya chuma, akainama kumwitikia. Mtu mzima, tena mhandisi, kumwinamia mtoto! Mtaa mzima uliona. Tangu siku hiyo watu wakamwita Profesa.

Profesa alipata masomo yake kwenye video fupi za mtandaoni, zile za neno moja, picha moja na muziki. Ili apate nyingi, alizitazama kwa kasi. Baada ya majuma machache alikuwa na maneno mengi kama vifungo ndani ya kopo: ya kila rangi, ila hakujua kipi ni cha shati lipi.

Basi siku moja alipoingia dukani, kabla hata hajashika sumaku, alipokewa kwa kelele.

"Profesa! Leo imekuja kazi ya saizi yako!"

Aliyesema ni msaidizi wa mama, dada mmoja aliyekuwa akijifunza kushona. Walimwita Cherehani, kwa kuwa mdomo wake ukishaanza haukatiki uzi. Juu ya meza kubwa ya kukatia palikuwa na koti la rangi ya samawati iliyokolea, zito, lililoshonwa kwa mkono.

"Amelileta nani?" aliuliza Profesa.

"Mama yake yule mhandisi mrefu. Kaja mwenyewe kwa miguu, koti kalikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamwambia karibu, naye akaniambia yake. Nikacheka, akacheka. Nikamletea kiti, akakaa. Basi ni kwenye kiti tu ndipo tulipoelewana!"

Muuguzi mmoja aliyekuwa akingoja sare yake alicheka. Mama naye alitabasamu, huku akivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake.

"Nilimwonyesha simu nikamrekodi," mama alisema. "Alipokuwa akizungumza alishika mikono ya koti, hapa. Nimempigia mwanawe, yuko darajani, hapatikani. Haya, mwanangu, tufasirie."

Profesa aliweka simu sikioni. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema taratibu: "Ashita, musuko ga kite mimasu. Sode wa, sono ato de onegai shimasu."

Aliyatambua maneno matatu. Ashita ni kesho. Musuko ni mwana wa kiume. Na kite alilikumbuka vizuri kutoka kwenye video, kwa sababu lilikuwa limeandikwa juu ya picha ya mkasi: kite, kata. Mengine yalimpita.

"Anasema ukate mikono," alisema. "Mwanawe atakuja kulichukua kesho."

"Si niliwaambia?" alirukia Cherehani. "Mikono mirefu vile, hata twiga angeikunja!"

Muuguzi alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mama fundi, mtoto huyu umejaliwa."

Mama alikuwa amegeuza upindo wa mkono wa koti, akiuchungulia kwa ndani. "Hapa hakuna akiba ya kitambaa," alisema. "Na kitambaa chenyewe sijawahi kukiona mjini hapa. Tukikata tumekata. Mwanangu, una hakika amesema kata?"

Wote walimtazama. Msichana alijua kwamba katika maneno yote yale yeye ameelewa matatu tu. Lakini macho ya muuguzi yalikuwa yakimwangalia kwa sifa, na Cherehani alikuwa amekwisha shika chaki.

"Nina hakika," alisema.

"Haya. Cherehani, washa pasi, ulinyooshe, halafu uchore mstari pale aliposhika. Nikimaliza kumjaribisha muuguzi sare yake nitalikata."

Profesa aliomba simu aende nayo maktaba mara moja. Hakwenda kuuliza kitu. Alitaka mkutubi naye aisikie ile sauti, amsifu.

Mkutubi alikuwa dada mpole mwenye miwani, na kwenye chumba chake palikuwa na kompyuta moja ya watoto. Aliisikiliza sauti mpaka mwisho, kisha akairudia.

"Umejitahidi," alisema. "Mimi Kijapani sikijui hata salamu. Hili neno la kukata ulilipata wapi?"

"Kwenye video, dada."

"Ya nani?"

"Hakuandika jina."

"Na kulitamka, analitamka yeye mwenyewe?"

"Hatamki. Kuna muziki tu."

"Sasa nani alikufundisha linavyotamkwa?"

Profesa aliinamisha macho kwenye simu.

"Sijasema amekosea," alisema mkutubi, akimvutia kiti mbele ya kompyuta. "Huenda yuko sahihi. Tutazame tu. Unajua, mtandaoni kila mtu ni mwalimu, wanafunzi ndio haba. Mimi kwanza namtafuta anayejitambulisha. Nataka nisikie sauti ya mtu aliyezaliwa na lugha yenyewe. Halafu namtafuta wa pili, asiyejuana na wa kwanza. Wakikubaliana, hapo ndipo naanza kuamini."

Waliandika: jifunze Kijapani kwa Kiswahili. Yakatokea mengi. Mengine yaliahidi Kijapani chote kwa wiki moja. Mkutubi aliyapita bila neno, mpaka akafika kwenye masomo ya kituo kimoja cha redio cha Japani, yaliyoelezwa kwa Kiswahili, yenye sauti za Wajapani na herufi zao.

"Hayo nayajua," alisema Profesa. "Nilianza nikaacha. Ni ya polepole mno."

"Polepole kiasi gani? Hebu weka."

Mwalimu wa kwenye masomo hayo alieleza kwamba katika Kijapani, kuvuta irabu au kuzuia pumzi kidogo katikati ya neno hubadilisha maana yake. Kisha wakafungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, wakatafuta lile neno. Kumbe halikuwa moja. Yalikuwa matatu, kila moja na herufi zake.

Kite, ilisema sauti ya kwanza. Njoo, au, vaa.

Kitte, ilisema ya pili, na katikati pumzi ilizuiwa, kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi. Kata.

Kiite, ilisema ya tatu, ikivuta. Sikiliza.

Profesa alihisi masikio yake yakipata moto. Yule wa video alikuwa ameandika herufi moja pungufu. Na hata kama angeandika sawasawa, Profesa mwenyewe, kwa kasi aliyozitazama zile video, herufi hiyo asingeiona. Alirudia sauti ya mama wa mhandisi. Ki-te. Laini, bila kuzuiwa popote.

"Kwa hiyo anasema nini?" aliuliza mkutubi.

"Sijui," alisema msichana. "Ni kuja au kuvaa, sijui ni lipi. Ila si kukata." Kisha akaruka kutoka kitini. "Dada! Koti!"

Alitoka mbio. Alipita kwa wachomelea vyuma, akapita duka la dawa, akakatiza katikati ya watu bila hata kuomba njia. Simu ya mama alikuwa nayo mkononi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia. Na njiani wazo moja lilikimbia naye sambamba: angeweza kusema kwamba rekodi haikusikika vizuri. Hakuna ambaye angejua. Angebaki Profesa, na koti lingepona.

Alipofika mlangoni, mstari mweupe wa chaki ulikuwa umekwisha chorwa kwenye mikono yote miwili. Mama alikuwa ameinama mezani, mkasi mkubwa ukiwa wazi mkononi mwake.

"Mama, usikate!"

Mkasi ulisimama hewani. Muuguzi aligeuka kutoka kwenye kioo, sare yake mpya ikiwa bado na pini begani.

"Rekodi..." alianza msichana, kisha akaiweka simu mezani. "Rekodi haina kosa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilisema nina hakika, na sikuwa nayo. Sikuelewa hata nusu ya alichosema."

Hata Cherehani alikatikiwa uzi. Mama aliufumba mkasi, akauweka upande wa pili wa meza, mbali na koti.

"Amesema nini sasa?"

"Sijui bado, mama. Nipe muda nisikilize neno kwa neno."

Mama akalisogeza koti, akafuta meza kwa kiganja. "Kaa hapa. Mwanga ni mzuri."

Safari hii hakukimbilia maneno aliyoyajua. Alianza na asiyoyajua. Cherehani alishika simu, akiigiza kila neno kwa sauti nyembamba mpaka muuguzi akashika mbavu kwa kicheko, lakini aliisimamisha na kuirudisha nyuma kila alipoombwa. Msichana alitafuta kwenye kamusi ile yenye sauti, akalinganisha, akafuta, akaanza upya. Sode ni mikono ya nguo. Ato ni baada.

"Mikono, baada ya hapo," alisema hatimaye.

"Baada ya nini?" aliuliza Cherehani.

"Baada ya mwanawe kuja kesho. Au kuvaa. Hapo sijui. Lakini anataka mikono ingoje kwanza."

"Basi itangoja," alisema mama. "Koti halijasema lina safari." Akachukua brashi, akaanza kuifuta chaki.

Kesho yake, jua lilipopungua makali, walifika wawili: mama mfupi mwenye nywele nyeupe na mwanawe mrefu, yule mhandisi. Aliwasalimu wote kwa Kiswahili, akalivaa koti, akanyoosha mikono mbele ya kioo. Mikono ile iliyochekwa ilifika kwenye vifundo vya mikono yake na kuvipita kidogo tu. Lingekatwa kwenye ule mstari wa chaki, lingemwishia karibu na viwiko. Cherehani alijishika mdomo kwa mikono miwili.

"Lilikuwa la baba," alisema mhandisi. "Mama ndiye aliyelishona, zamani. Sasa macho yake hayaoni tundu la sindano, na baba hayupo. Alitaka nilivae kulijaribu kwanza, kisha upunguze mikono kidogo."

Yule mama mwenye nywele nyeupe alikuwa akipapasa mkono wa koti. Kidole chake kilisimama penye alama hafifu ya chaki. Akainua uso.

Msichana alimsogelea. Maneno haya alikuwa ameyafanyia mazoezi pamoja na sauti ya kwenye masomo, asubuhi ile kabla ya shule. "Sumimasen," alisema. "Kite to kitte, machigaemashita." Samahani, nimekosea kati ya kite na kitte. Na safari hii pumzi aliizuia pale panapostahili.

Mama yule alimtazama, kisha akacheka, akiwa amefunika mdomo. Alisema jambo refu kidogo. Mhandisi akacheka pia, akawa mwekundu.

"Ananiambia niwasimulie yangu," alisema. "Siku ya kwanza ya mkutano na wenyeji, nilijiandaa kwa Kiswahili. Nilitaka kusema, tunajenga daraja la kufaa watu. Irabu moja ikanipotea. Nikasema mbele ya wote, tunajenga daraja la kufa watu."

Cherehani alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Muuguzi, aliyekuja kuchukua sare yake, alilazimika kushika ukuta.

Waliponyamaza, mhandisi alimgeukia mama. "Mama fundi, mama yangu anauliza kama binti yako anaweza kuja kwetu siku za mapumziko. Amfundishe Kiswahili, naye amfundishe Kijapani. Anasema sikio lake ni zuri."

Mama fundi alimtazama binti yake. "Ataamua mwenyewe," alisema, lakini alikuwa ameinua kichwa kama mtu anayepigwa picha.

Wageni walipoondoka, mama alimwita mezani.

"Mwanangu, nilifurahi ulipoanza kujifunza lugha ya watu bila kusukumwa na mtu. Nilijivuna kila walipokuita Profesa. Lakini jana, uliposimama pale mlangoni ukasema umekosea, nilijivuna zaidi. Mtandao una elimu nyingi, lakini haukuchagulii. Kuchagua ni kazi yako, na kurudia polepole ni kazi yako. Na usipojua, sema hujui. Neno hilo halimshushi mtu."

"Nimesikia, mama."

Muuguzi alikuwa bado mlangoni, akikunja sare yake. "Mama fundi, usinichukie," alisema kwa utani. "Baada ya yale ya jana, mhandisi akileta nguo nyingine utamwamini tena huyu?"

Mama alichukua mkasi, akautia kwenye kitambaa cha kazi iliyofuata.

"Nitamwamini zaidi," alisema. "Huyu sasa anaweza kusema sijui. Kwa hiyo akiniambia najua, mimi nakata."