Hapana Yangu Waliipigia Makofi

"Hongera, bibi harusi!"

Nikageuka kumtafuta huyo bibi harusi. Chumbani, nyuma ya jukwaa, tulikuwa wawili tu: mimi na Lautaro, mpiga kinanda cha kuvuta wa tango, muziki wa dansi wa kwao, aliyekuja Lisbon kutoka Buenos Aires kwa ajili ya onyesho letu.

"Unamwambia nani?"

"Wewe, dada! Wimbo wa mwisho ukiisha Hermínio anapiga goti, anakuvisha pete, mimi nawapigia tango. Tumefanya mazoezi wiki nzima..."

Akauona uso wangu. 

Jamani... mimi sikuwa nimekubali kuolewa na mtu yeyote!

Naitwa Felisbela. Nina miaka ishirini na sita, nafundisha shule ya msingi, na mbele ya watu wazima hata kuomba chumvi kwangu ni kazi. Sauti naipata kwenye fado tu, nyimbo zetu za majonzi za hapa Lisbon. Fado unaimba umefumba macho, na maneno si yako, ni ya wimbo.

Hermínio ndiye mpiga gitaa wangu. Miezi minane iliyopita aliniuliza kama nitaolewa naye. Nikamjibu, "Nitafikiria."

Wenye haya mnanielewa. Ile "nitafikiria" yangu ilikuwa hapana iliyovaa koti.

Mlango ukafunguliwa, akaingia yeye mwenyewe, suti nyeusi, gitaa mkononi.

"Hermínio... hiyo pete..."

"Aa! Lautaro, mdomo wako huo!" Akacheka.

"Nilikwambia nitafikiria."

"Miezi minane, Bela? Mama yangu amepanda basi kutoka Santarém na maua yake mapajani. Watu mia na ishirini wamekaa pale. Leo utafikiria haraka."

"Na nikikataa?"

Akanishika shavu, taratibu kabisa.

"Mbele ya watu? Wewe? Nakujua, mpenzi. Huwezi."

Hakunitishia. Alisema kama mtu anayesema leo kuna jua. Na kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Akatoka. Akaingia Mama Otília na shali yangu nyeusi. Huyu ni mama yangu wa ubatizo, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita na kunifundisha kila wimbo ninaoujua.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Kama nilikuwa najua! Keki nimeoka kwa mikono yangu."

"Mama, mimi si..."

"Shingo juu. Watu wanasubiri." Akanitupia shali mabegani, akaenda zake.

Lautaro alikuwa amejiinamia kwenye kinanda chake.

"Kwetu, kwenye kumbi za tango," akasema polepole, "mwanaume anaomba kwa macho, tena kutoka mbali. Mwanamke asipotaka anatazama pembeni, basi, hakuna aliyeaibika. Lakini hivi alivyopanga huyu... nisamehe, dada. Mimi nilidhani unajua."

Nikautazama mlango. Ulikuwa mmoja tu, na unatokea jukwaani!

Milango ya ukumbi nayo ilishafungwa. Sisi watu wa mtaa wa Mouraria, fado ikianza ni hivyo: taa zinapunguzwa, haingii mtu, hatoki mtu, haongei mtu. Hata supu inapoa mezani.

Nyimbo zilikuwa tano.

Nikaimba wa kwanza. Zikabaki nne.

Na ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Kinanda kile kinavutwa na kubanwa kama pafu. Kikivuta pumzi, nami navuta. Gitaa la Hermínio likilia juu, kinanda kinaguna chini, mimi niko katikati... Watu walikuwa wanajifuta machozi, saa kumi na moja ya Jumapili, jua bado liko nje.

Tatu.

Mbili.



Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mahadhi ya zamani yasiyo na mwenyewe. Kwenye fado za namna hii mahadhi ni yaleyale, lakini beti unachagua unazotaka, mradi mizani ilingane. Sisi tulikuwa tumepanga beti tatu.

Ubeti wa tatu ukaisha. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia. Hermínio anainuka!

Nikaingiza ubeti wa nne.

Kiti kikalia tena. Amekaa!

Kumbe... kwenye fado gitaa humfuata mwimbaji. Mwimbaji akiwa bado anaimba, mpiga gitaa haliweki gitaa chini, ni aibu ambayo mtaa mzima ungemsimanga nayo hadi uzeeni. Nikiimba, hawezi kupiga goti!

Wa tano. Ubeti wa mjane.

Wa sita. Ubeti wa mfua nguo.

"Bela!" akaninong'oneza, meno ameyauma. "Maliza!"

Wa saba. Mvua juu ya mapaa. Lautaro ananifuata bila kusita, kinanda kinahema nami.

Wa nane...

Beti zikaniishia.

Nilitafuta kichwani, hakuna kitu.  Kinanda kinazunguka palepale, kinanisubiri. Nikinyamaza, pete inakuja. Nikiendelea, naendelea na nini?

Basi nikatunga yangu, palepale, macho nimeyafumba:

*Pete yako sitavaa,*
*Mkono wangu ni wangu,*
*Kimya changu si ridhaa,*
*Hapana ni jibu langu.*

Nikaachia sauti ya mwisho ikafa yenyewe.

Nimesema! Mimi, Felisbela, nimesema mbele ya watu mia na ishirini!

Nikafumbua macho...

Ukumbi mzima umesimama. Makofi!

"Fadista! Mwimbaji wetu wa fado!" alikuwa anapiga kelele Mzee Baltazar, muuza viatu wa mtaani kwetu, machozi hadi kwenye ndevu. "Ubeti gani huo! Umeniua, binti!"

Walidhani ni wimbo.

Hapana yangu ya kwanza maishani, wakaipigia makofi na kuifurahia!

Hermínio akapiga goti, anatabasamu, kiboksi kimefunguliwa.

"Mmesikia alivyoimba, ndugu zangu? Sasa namwomba jibu la kweli."

 Gitaa liko sakafuni. Lautaro ameondoa mikono kwenye kinanda. Sasa sikuwa na wimbo wa kujificha ndani yake. Nikayaona macho yote. Nikamwona mama yake kwenye meza ya mbele, amekumbatia maua.

"Hermínio," nikasema. "Ule haukuwa wimbo."

"Eh?"

"Hapana."

Ilitoka nyembamba, imepasuka, haina ladha kabisa.

"Ongeza sauti, binti!" mtu akaita kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

"NIMESEMA HAPANA! Siolewi naye!"

Safari hii hakupiga makofi hata mmoja.

Hermínio alibaki amepiga goti kama mtu aliyesahau anafanya nini. Mama yake ndiye aliyeinuka, akamshika bega.

"Inuka, mwanangu. Sakafu ina baridi."

Kisha nikamwona Mama Otília anapanda jukwaani.  Nilijua ni kofi, au ni "ondoka nyumbani kwangu."

Akaninyooshea shali mabegani.

"Miaka ishirini nimekufundisha kuimba," akasema. "Kusema sikukufundisha. Kosa ni langu."

Akawageukia watu, mikono kiunoni.

"Haya! Harusi haipo. Keki ipo. Fungueni milango, tule."

Dada yangu mwenye haya unayesoma hapa, hapana yako usiipambe. Usiivike wimbo, usiivike kicheko, usiivike "nitafikiria". Watu watalisifu pambo, na pete itakuja vilevile. Iseme kavu, hata kama sauti itapasuka.

Na wewe unayemwuliza mtu mahali ambapo hawezi kukataa... jibu lake unalijua tayari. Ndiyo maana umeita watu.