Hodi Katika Nyumba Isiyo na Mlango

“Toka hapo, Shamira! Kwenye mahame hapapigwi hodi.”

“Ee, dada Faridah! Wachawi wa kwetu Muheza umewapandisha ndege hadi Qatar?”

Faridah, binti wa shangazi yangu, hakucheka. Ilikuwa Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Asubuhi walitembelea ngome ya kale huko kaskazini, wakapiga picha, wakala sambusa garini. Sasa walikuwa katika kijiji cha wavuvi kilichohamwa zamani, nyumba za mawe zimebaki midomo wazi, bila milango. Mkataba wa kazi wa Shamira ulikuwa umekwisha. Jumapili angepanda ndege kurudi kwao. Mama yake, jirani wa kina Faridah, ndiye aliyemkabidhi kwa Faridah: “Ulivyomchukua, ndivyo umrudishe.”

“Kwetu hodi ni tatu,” Faridah alisema. “Usipoitikiwa, unaondoka.”

Shamira akapiga zote tatu, kwa madaha. Kimya.

“Dakika moja tu, nipige picha.” Akaingia hivyo hivyo.

Alikawia. Alipotoka, simu ilikuwa mkononi na uso umetulia mno.

“Twende.”

Faridah akatazama mchanga wa kizingitini. Nyayo za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo.

Njia nzima Shamira alikaa wima, bila kupepesa macho. Omari, dereva wao, aliwasha redio, akatupa jicho kwenye kioo, akaizima.

Walifika Al Mansoura, mtaa waliokuwa wakiishi, alasiri. Shamira alipanda kitandani na viatu vyake, akageukia ukutani. Faridah akafunga mlango wa chumba, akamgusa bega. Lilikuwa gumu, lina joto la jiwe lililoshinda juani.

Mlango ukagongwa.

“Hodi.”

Ilikuwa sauti ya Shamira.

Faridah akatazama kitanda. Yule aliyelala hakugeuka.

“Usiitike,” alinong'ona yule wa kitandani.

“Hodi. Dada Faridah, mbona mmeniacha?”

Faridah alifungua kinywa. Wa mlangoni ni nani? Wa kitandani je? Amrudishe yupi kwa mama yake?

Chini ya mlango mchanga ulikuwa ukiingia, kidogo kidogo. Mweupe, wenye vipande vya kome, kama ule wa kizingitini kule mahameni. Faridah anaapa kwamba hadi leo hajamaliza kuufagia.

Kitanda kikalia. Yule mwingine alikuwa ameketi.

Nje, sauti ikaanza kukatika.

“Nimetembea jua lote hili, dada. Niitikie. Hii ndiyo hodi yangu ya tatu.”