Kijito Kilichonyamaza

Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Siku ile ilipolivamia soko kuu, wachuuzi walifunika nguo kwa maturubai, waendesha toleka waliacha baiskeli zao njiani, na Angèle alisukumwa na umati mpaka ndani ya duka lililojaa majembe, mbegu za mboga na pampu za kunyunyizia dawa. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi barabara, maana ilikuwa Ijumaa. Alinukia udi. Angèle alinukia msitu: suruali yake ya jinzi ilikuwa na tope mpaka magotini, na blauzi yake ya kitenge cha manjano ilikuwa imelowa na kumganda mgongoni.

"Karibu, maman. Unatafuta nini?"

Angèle hakutafuta kitu ila paa, lakini aliona aibu kusema hivyo. Akaonyesha viatu vya mpira vilivyoning'inia ukutani. "Zile bottes. Zangu zimetoboka."

"Mwanamuke muzuri hivi, bottes za nini? Unaenda vita?"

"Naenda kuhesabu vyura."

Kijana alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaona haya. Jina lake lilikuwa Mahmoudi. Duka lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake, watu wa zile familia za Kiislamu zilizofika enzi za misafara ya biashara zikabaki mjini. Alimwuliza swali moja, akajibiwa, akauliza jingine, na mvua ilikatika zamani wakati wao bado wanazungumza.

Tangu hapo alimpigia simu kila jioni. Alimwita "docteur", ingawa Angèle alikuwa msaidizi tu pale kitivo cha sayansi. Angèle alimweleza kwamba kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, watu wa kitivo huenda kwenye kijito kilekile msituni, mbali upande wa kaskazini, kusikiliza vyura, kuwakamata, kuwapima na kuwaachia. Profesa wake aliianza kazi hiyo Angèle akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Alipostaafu, alimkabidhi yeye.

"Kila mwezi kintu ileile? Hauchoke?"

"Mutu ukimuona siku moja, unamujua? Mwaka moja ya vyura haikuambie kintu. Lazima ukae nabo."

Akamwekea simuni sauti alizozirekodi. Mahmoudi alitaka kujua wanalilia nini.

"Ni waume tu banaita. Wake banasikiliza, banachagua."

"Bon. Donc miye niimbe?"

"Jaribu."

Akaimba, vibaya sana, katikati ya duka lenye wateja, na Angèle akacheka mpaka akaketi chini.

Siku moja Angèle alimpeleka kijitoni. Mahmoudi aliteleza kwenye jiwe, akatumbukia, akaibuka na majani kichwani. Angèle aliponyoosha mkono kumtoa jani sikioni, Mahmoudi aliushika mkono ule, na wakabaki wamesimama majini vivyo hivyo, vyura wakiita pande zote.

Kisha redio moja ya mjini ikamwalika Angèle kusema juu ya kazi yake. Alivaa kitenge kipya, ingawa hakuna ambaye angemwona. Alisema kwa furaha. Maji ya kule ni safi hivi kwamba samaki wanaonekana kama kwenye kioo, na vyura wapo wa kila namna. Alitaja kijiji, akataja na daraja la miti ambapo njia inaacha barabara. Dukani, Mahmoudi aliongeza sauti ya redio mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza.

Siku chache baadaye Angèle alirudi msituni pamoja na Simone, mwanafunzi aliyemsaidia. Kwa kawaida kijito kilianza kusikika kutoka mbali, kabla hujayaona maji. Asubuhi ile hawakusikia kitu. Simone aliingiza kidole sikioni, akidhani limeziba.

Harufu ndiyo iliyotangulia, kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitunguu kilichooza. Halafu wakaona. Vyura walikuwa wamelala matumbo juu, meupe, kwenye kingo, kwenye mizizi, juu ya majani walikojaribu kupanda ili kuyakimbia maji. Viluwiluwi vilikuwa vimerundikana penye kona kama dengu zilizomwagika. Kando palikuwa na majivu na magamba ya samaki. Mtu alikuwa amemwaga sumu, akavua kilichoelea, akakausha, akaondoka.

Angèle aliona chura mmoja akitikisa mguu. Akamwinua kwa viganja viwili. Chura akapiga teke mara moja, akatulia. Angèle aliendelea kumshika, kana kwamba hajaona.

Simone ndiye aliyeikuta chupa, imenasa kwenye mizizi. Ilikuwa chupa ya dawa ya wadudu wa shambani, na ubavuni mwake imebandikwa karatasi yenye jina la duka. Angèle alilisoma. Akalisoma tena polepole, kama mtu asiyejua kusoma. Lilikuwa duka la Mahmoudi. Akaketi pale pale kwenye tope.

Alifika sokoni kwa pikipiki bila kunawa. Mahmoudi alimwona akaanza kutabasamu, kisha akaiona chupa anayoiweka mezani.

"Vyura yote bamekufa," Angèle alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yote. Nani alinunua hii?"

Mahmoudi aliigeuza chupa mkononi. Uso wake ulikuwa umekauka. "Sijue. Bantu mingi banaikamata. Ni ya wadudu ya maharagwe."

"Haukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Inje ya kitivo, ni mutu moja tu mu hii muji nilimupeleka kule. Ni weye."

Alikana. Aliapa kwa Mungu wake kwamba hakumwonyesha mtu njia ile, lakini Angèle hakusikia. Alikuwa akiinama kuvua bottes alizonunua pale. Aliziacha mbele ya meza, akatoka pekupeku katikati ya soko, watu wakimpisha kama anavyopishwa mfiwa.

Mahmoudi alipiga simu mpaka akachoka. Angèle hakupokea. Hakula. Kila alipofumba macho aliyaona matumbo yale meupe, na kila alipoyafumbua alimwona mwanamume aliyesimama naye majini, akajiuliza alimpenda nani hasa.

Simu aliyoipokea ilitoka kwa Djamila, dada yake Mahmoudi, na aliipokea kwa sababu hakuijua namba. Djamila hakumsalimu. Alisema Mahmoudi yuko hospitali, amepigwa, na kama Angèle ana moyo, aje.

Alimkuta amefungwa bendeji kichwani, jicho moja limevimba likafumba kabisa, mkono umewekwa plasta. Djamila alimweleza. Mahmoudi alikuwa amezunguka soko zima, mezani kwa kila mama anayeuza samaki wa kukaushwa, mpaka akajua samaki wale walitoka kambi gani. Akaenda peke yake kuwaambia wavuvi waache kuuza samaki wa sumu. Vijana wa kambi wakamwangukia kwa fimbo. Aliyemwokoa ni mzee wa kambi yao, Papa Alphonse, aliyemfunga kwenye toleka akaisukuma baiskeli mwenyewe mpaka kwenye barabara kubwa.

Mzee huyo alikuwa bado yupo, ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Hakubaki kwa ajili ya Mahmoudi tu. Mke wa mzee alikula samaki wale, na sasa alikuwa amelazwa chumba cha pili, anatapika damu.

"Papa," Angèle alimwuliza, "kile kijito, nani alibaonyesha?"

Kutoka kitandani Mahmoudi alisema kwa taabu, "Papa, tulisikilizana."

"Tulisikilizana, ndiyo," mzee alijibu. "Lakini huyu mutoto atakuchukia bure. Miye siwezi kubeba hiyo muzigo tena, nabeba ya muke yangu." Akamgeukia Angèle. "Maman, ni weye ulituambia. Mu redio. Ulisema samaki banaonekana kama kwenye kioo. Ulitaja kijiji, ulitaja daraja. Tulikuwa tunakunywa chai, tukaamuka, tukaenda."

Angèle alitaka kubisha. Alifungua kinywa, na badala ya maneno yake akaisikia sauti yake ya siku ile, yenye furaha, ikitaja daraja. Miaka yote ile hakuna mvuvi aliyekijua kijito, na yeye ndiye aliyewapa watu njia, kwa mapenzi.

Alimwuliza Mahmoudi kama alijua.

"Baliniambia kule kambi, mbele ya kunipiga."

"Ungeniambia siku gani?"

"Singekuambia." Jicho lake moja lilimtazama moja kwa moja. "Ile kijito ni maisha yako. Niliona heri unichukie miye, kuliko ujichukie weye."

Angèle alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka uso kwenye shuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kijito. Mahmoudi alimwekea mkono mzima juu ya nywele.

"Chupa ilitoka kwako," alisema Angèle hatimaye. "Njia ilitoka kwangu."

"Ndiyo, chérie. Ni sisi wawili."

Kesho yake Angèle alirudi redioni. Aliwaambia watu wasile samaki wale, akasema kuna mama anayepigania roho yake hospitali, akasema pia ni nani aliyetaja njia. Djamila naye aliziondoa chupa zote dukani. Mke wa Papa Alphonse alipona, ingawa nguvu zake hazikurudi zote.

Mwezi ulipogeuka, siku ya kuhesabu ikafika. Mahmoudi, plasta ingali mkononi, aliomba kwenda. Waliketi ukingoni tangu adhuhuri mpaka jua likalala kwenye miti. Maji yalikuwa safi tena, mazuri ya kutazama. Hakuna kilichoita.

"Batarudia?" Mahmoudi alinong'ona.

"Sijue. Labda batashuka toka kule juu, kwenye sumu haikufika. Labda ni miaka."

Mahmoudi alimgeukia. "Bon. Kama ni miaka, miye nitakuja kila mwezi. Lakini papa yako hatakubali nitembee mu pori na binti yake hivi hivi."

Angèle alimtazama. "Weye Mwislamu. Papa yangu iko mukubwa wa kanisa."

"Atapiga kelele?"

"Sana. Kiisha atakupa chakula."

Angèle alichukua kalamu. Tangu profesa wake aanze kazi ile, hakuna aliyewahi kuandika sifuri mahali pale. Aliiandika, akaitazama, akafunga daftari.

"Jumapili, kiisha ibada," alisema. "Usikuje peke yako. Kuja na wazee wako."