Sauti ya Kasuku Kwenye Mashine ya Tatu

Rekodi iliishia kumi. Mashine ya tatu ikaendelea: kumi na moja.

Mama Kasuku alicheka kwanza. Alikuwa fundi wa kompyuta, na wiki nzima alikuwa akijaribu Unyoya, toleo jipya la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, jepesi, la kufufulia kompyuta kuukuu kama zile zilizorundikana karakanani kwake zikisubiri kupelekwa shuleni. Hakuthubutu kuliingiza humo moja kwa moja. Alitengeneza mashine pepe nne, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yake, ili kikiharibika kitu kiharibike humo humo. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikubali. Hii ya tatu ilikuwa bubu tangu mwanzo, na kila alipopima sauti alitumia rekodi ile ile ya binti yake wa miaka mitano akihesabu moja hadi kumi. Mtoto aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Saa nne asubuhi alibadilisha mpangilio mmoja, sauti ikatoka. Lakini Kasuku hakuijua kumi na moja. Baada ya kumi yeye husema "kumi na kumi", kisha anadai kupigiwa makofi.

Fundi alichomoa spika. Akasikia harufu ya nywele zinazoungua, akakagua nyaya zote, hakuona kilichoungua. Simu ikaita. Alikuwa mama yake mzazi, aliyebaki na mtoto nyumbani.

"Mwanangu, njoo. Mtoto hasemi."

"Amenuna?"

"Angekuwa amenuna ningekupigia? Anafungua mdomo, hakuna kitu. Njoo!"

Daktari alimulika koo, akaliona zima. Kesho yake bibi akamleta mganga mpaka karakanani, mchana kweupe. Mganga aliweka sikio juu ya kompyuta, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Kuna jini humu," alinong'ona. "Ameingia pamoja na hicho ulichokileta. Hana sauti yake, ndiyo maana ameichukua ya mtoto. Nitamsomea siku saba mpaka aiteme. Wewe usiizime. Usiiguse kabisa."

"Na asipoitema?"

"Usiiguse, mama."

Siku mbili alivumilia. Siku ya tatu, jua likiwaka dirishani na watu wakipita nje na mambo yao, zile spika alizokuwa amezichomoa mwenyewe zilianza kukwaruza, harufu ile ikajaa chumba, na ndani ya mkwaruzo akasikia mtoto akilia kwa kwikwi, akiita mama, mama, huku kuna giza, mama kuna mtu ananiziba mdomo, na fundi akajikuta amekumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili, akiijibu kana kwamba inasikia, nipo mwanangu, nipo, nakuja.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la kifundi. Asubuhi ile ya kwanza, saa tatu, kabla ya kugusa mpangilio wowote, alikuwa ameihifadhi hali ya mashine, kama mafundi wafanyavyo, ili mambo yakiharibika airudishe nyuma. Sauti iliingia saa nne. Je, akiirudisha saa tatu, wakati haijaingia? Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo! Akabonyeza.

Kilio kilikatika katikati ya neno mama. Harufu ikatoweka. Alipiga simu nyumbani huku akicheka na machozi, akaiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Mama, mwambie aseme!"

"Haya. Kasuku, msalimie mama."

Kimya. Na katika kimya kile fundi alikumbuka jambo analowafundisha wanagenzi kila siku: kuirudisha mashine nyuma hakumrudishii mtu kitu chake. Kila kilichoingia baadaye hufutwa, kisionekane tena. Sauti ya mwanawe ameifuta yeye, kwa kidole chake. Na jini aliyekuja na Unyoya alikuwemo kabla ya saa tatu.

"Sema, mjukuu wangu," bibi alibembeleza. "Usiogope. Sema kipenzi changu, se—"

Simu haikukatika. Fundi alisikia kiti kikianguka, kisha pumzi za watu wawili, mkubwa na mdogo, na kiganja kikigonga simu upesi upesi.

"—ma," mashine ikamalizia mgongoni kwake, kwa sauti ya mama yake.