Pete ya Kijani na Dodoli Sita

Kila siku nikitoka shuleni napitia kwenye kibanda cha Babu Juhana, nyuma ya stendi ya mabasi ya Garut. Navua viatu, nakunja mikono ya sare, kisha naanza kazi zangu: kumwaga maji machafu ya mashine, kufuta vumbi la mawe mezani, na kujibu ujumbe wa wateja kwenye simu. Babu amekuwa akisugua na kung'arisha mawe ya akiki tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Ana macho ya kuona ndani ya jiwe ufa mwembamba ambao wewe na mimi tungeutafuta mpaka magharibi. Lakini macho hayohayo, ukiyaletea mtu mwongo, hayaoni kitu.

Nasema hivi kwa upendo. Ila mwaka ule alinichosha kwelikweli.

Mambo yalianza mwezi wa saba, mota ya mashine ilipoungua. Ilitoa moshi, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Fundi aliitazama akasema haitengenezeki hata kwa maombi. Bila mashine Babu hana kazi, na Babu asiye na kazi hukaa nyumbani kumfundisha mama namna ya kupika wali. Siku ya tatu mama alikuwa karibu kulia. Siku ya nne Babu aliivua pete yake, akaiweka mezani, akasema tuiuze tununue mota mpya.

Jiwe la pete ile alilichimba mwenyewe kwenye machimbo ya Bungbulang alipokuwa kijana, akalisugua kwa mkono, akalifunga kwa fedha. Ukilimulika kwa tochi kutoka nyuma, lote linawaka kijani cha jani changa la mgomba, na katikati kuna alama nyeupe ndogo kama punje ya mchele. Wapenzi wa akiki walikuwa wameliomba miaka nenda miaka rudi, naye akawacheka. Sasa alikuwa ananiomba mimi, Rengganis wa darasa la sita, nilipige picha.

Nikalipiga picha nane, nikaliweka kwenye soko la mtandaoni. Katika soko lile mnunuzi hulipa kwanza, na pesa zake hushikiliwa na wenye soko mpaka aseme amepokea mzigo. Mama aliwahi kuuza mikoba ya ngozi huko akatapeliwa, kwa hiyo alitupa sharti moja tu: tukifunga kifurushi turekodi video bila kukata, tangu pete ikiwa mkononi mpaka karatasi ya anwani imebandikwa. Alilisema mara tatu. Tuliitikia mara tatu.

Akaja mnunuzi. Jina lake Gumilar, anaishi Surabaya, ila alisema kwao ni huku kwetu. Na aliandika Kisunda gani, lugha yetu ya nyumbani! Kile cha adabu ya juu kabisa, tunachokitumia kwa wakwe na walimu wakuu, ambacho vijana wengi siku hizi wanakiharibu wakifika sentensi ya pili. Alimwita Babu mzazi wake. Alimuuliza kama baridi ya Garut inamsumbua magoti. Babu alinitaka nimsomee ujumbe ule mara mbili, na mara ya pili alifumba macho kama anayesikiliza kinanda.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Babu alitoka upesi kuliko nyoka yeyote.

Siku ya kufunga kifurushi niliegemeza simu kwenye glasi ya chai, nikaanza kurekodi. Babu akageuka.

"Zima hiyo," akasema.

"Mama amesema turekodi, Babu."

"Mama yako alifanya biashara na wahuni. Huyu kaniuliza hali ya magoti yangu. Nikimrekodi, ni kama kumwambia, karibu mgeni, lakini ujue vijiko nimeshavihesabu."

Ningeweza kubishana. Ukweli ni kwamba rafiki zangu walikuwa nje wananisubiri tukafanye mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya uhuru, nami nilitaka mambo yaishe. Nikazima simu, tena kwa furaha. Babu akaifunga pete kwa kitambaa, akaiweka ndani ya kijisanduku, akaongeza dodoli sita, zile halua zetu za kunata, kwa sababu kwake yeye mzigo hauendi mbali bila zawadi. Akazungusha selotepu kama anayefunga jeraha.

Kwenye ofisi ya kutuma vifurushi tulimkuta Bi Imas, karani anayejulikana mtaa mzima kwa ukali. Akauliza kuna nini ndani. Babu akamjibu kwamba ni pete ya akiki, na kwamba anataka itumwe kwa bima. Bi Imas akachukua mkasi, akaikata selotepu yetu yote bila hata kuomba radhi. Alisema mali ya bima haitumwi kibubusa. Akaipima pete kwenye mizani ndogo, akaipiga picha ikiwa juu ya mizani na nyingine akiimulika kwa tochi, akaipiga tena ikiwa sandukuni pamoja na dodoli na karatasi ya anwani, kisha akafunga kwa utepe wa ofisi na kutia saini juu yake.

"Gramu kumi na tisa na nusu, dodoli sita," akasema. "Haya, anayefuata."

Babu alinuna njia nzima. Alisema mwanamke yule anawaona watu wote wezi, na kwamba adabu imekufa Garut. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa mazoezini, nilimuunga mkono.

Siku nne baadaye ujumbe ukaja, bado kwa Kisunda cha harusini. Gumilar alisema amehuzunika sana. Jiwe si akiki, ni kioo kilichotiwa rangi. Hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya watu wa soko. Alichoomba ni kwamba mzazi wake abonyeze kitufe cha "Nakubali", yeye Gumilar arudishiwe pesa zake na airudishe pete, mambo yaishe kimyakimya.

Nilipouinua uso, Babu alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakuwa na hasira, jamani. Alikuwa anaona haya. Mtu aliyesugua mawe miaka arobaini alikuwa ameshika simu, kidole gumba kiko juu ya kitufe.

"Babu, unafanya nini?"

"Huenda niliweka nyingine kwa bahati mbaya. Macho yangu yamezeeka."

"Nyingine ipi? Kidoleni ulikuwa na pete moja tu tangu nizaliwe!"

"Atatusema vibaya, Rengganis. Bora tukubali."

Nikamnyang'anya simu. Najua kumnyang'anya mzee kitu ni utovu wa adabu, na baadaye niliomba msamaha. Lakini angebonyeza, pesa zote zingerudi Surabaya, nasi tungebaki na chochote ambacho mtu yule angependa kutuletea. Pete ingekwenda na mota ingekwenda nayo. Nikabonyeza "Sikubali". Wenye soko wakajibu kwamba pesa zitaendelea kushikiliwa, mnunuzi arudishe mzigo, na sisi tukishaupokea tutakuwa na siku mbili za kuleta ushahidi.

Ushahidi! Nilikaa juu ya kiti cha Babu nikalia kwa hasira. Ushahidi wetu ningekuwa nao simuni kama ningemsikiliza mama, na kama ngoma isingeniita. Jioni nilimweleza mama kila kitu, pamoja na ile furaha yangu ya kuzima simu. Nilidhani atafoka. Aliendelea kuchuma majani ya kachumbari.

"Kosa la kwanza limeshapita," akasema mwishowe. "Msifanye la pili. Kifurushi kikirudi, kisifunguliwe nyumbani. Kifungulieni palepale ofisini, mbele ya karani, na simu iwe inarekodi."

Kwa hiyo kiliporudi tulikwenda kwa Bi Imas, mimi mbele, Babu nyuma akitembea kama anayepelekwa kwa mganga wa meno. Safari hii hakusema "zima". Nilirekodi karatasi ya anwani, nikarekodi pande zote sita za sanduku, kisha Bi Imas akalikata. Ndani mlikuwa na pete ya kijani. Kwa mbali ungedhani ndiyo.

Babu akaichukua, akaomba tochi, akaimulika kwa nyuma. Kijani kilikuwa kile kile kote, kama maji ya sharubati, na punje ya mchele haikuwamo. Badala yake kulikuwa na viputo vidogo vya hewa, viwili vitatu, vimeganda ndani. Bi Imas akaiweka kwenye mizani. Gramu kumi na sita.

"Hii ni chupa," Babu akasema polepole. "Kaniletea chupa."

Akatazama ndani ya sanduku tena, akaligeuza juu chini, akalipigapiga.

"Na dodoli zangu je?"

Nadhani hapo ndipo alipoamini. Jiwe lingeweza kumchanganya, akajilaumu kwa uzee wa macho. Lakini mtu anayelalamika kwamba ametapeliwa, kisha akala zawadi zote sita bila kusema hata asante, huyo Babu alimwelewa mara moja. Uso wake ulibadilika. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaniambia nisikate video bado.

Bi Imas alikuwa ameshaingia kwenye tarakilishi yake. Picha za mizigo ya bima huhifadhiwa miezi mitatu, na zetu zilikuwamo: pete juu ya mizani, namba ikisomeka, pete mbele ya tochi, punje ya mchele ikionekana wazi, sanduku, dodoli na anwani, tarehe na saa pembeni. Akanitumia zote. Kisha akaweka viwiko juu ya kaunta, akamtazama Babu.

"Mzee Juhana, siku ile ulininunia."

"Nilikununia," Babu akakubali.

"Kila siku nanuniwa. Wenye mali hawataki niifungue kwa sababu wanamwonea haya mtu ambaye hawajapata kumwona. Mimi wananiona, tena mtaa mmoja nao, lakini mimi hawanionei haya." Akapumua kwa nguvu. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari ni simu. Pima, mulika, rekodi, na mtu akikuomba myamalize pembeni, ujue anaogopa katikati."

Usiku huohuo nikatuma kila kitu kwa wenye soko: picha za Bi Imas, picha zangu nane za mwanzo, na video ya kufungua. Siku ya tatu wakatoa uamuzi. Mnunuzi hakurudisha kitu alichotumiwa, kwa hiyo pesa ni za muuzaji. Gumilar akatuandikia ujumbe wa mwisho. Kisunda chake cha adabu kilikuwa kimekwisha chote, na mama alinikataza kuusoma kwa sauti.

Mota mpya ilikuja wiki iliyofuata, na mashine ikaanza kunguruma tena. Mama akapika wali wake kwa raha zake. Pete halisi haikurudi. Iko Surabaya, kwenye mkono wa mtu aliyelazimika kuilipia, na hilo bado linaniudhi nikilifikiria. Kwenye kidole cha Babu umebaki mstari mweupe mahali ilipokaa miaka yote ile. Mara nyingine akiwa anafikiri huusugua kwa kidole gumba, na mimi hujifanya nina kazi ya kufuta meza.

Mwezi uliofuata mwalimu mmoja wa Malang alinunua kwetu jiwe jekundu dogo. Niliegemeza simu kwenye glasi ya chai, nikamtazama Babu kabla sijabonyeza.

"Rekodi," akasema. "Nilidhani kumrekodi mtu ni kumtukana, mjukuu wangu. Nilikosea. Huyu mwalimu akiwa mwema, video itamlinda asije akasingiziwa. Akiwa mbaya, itatulinda sisi. Adabu ni maneno ya kinywani, na kinywa hata mwizi anacho. Uaminifu una alama zake, nawe mwenye mali ndiye wa kuziweka."

Kisha akaanza. Aliliweka jiwe kwenye mizani mpya, akasoma uzito kwa sauti, akalimulika mbele na nyuma. Akalifunga, akalilaza sandukuni. Halafu akafungua kopo lake la kukirimia wageni, akatoa dodoli moja, akailetea kamera karibu kabisa mpaka picha ikajaa dodoli tupu.

"Moja," akasema kwa ukali, na akaendelea kuhesabu mpaka sita.